Sukari ya Chai ya Saa Nne

Tangazo lenyewe lilikuwa fupi. Nililiandika mimi, nikaligonga mhuri, nikashuka nalo hadi kwenye ubao ulio pembeni ya mashine ya mahudhurio, nikalibana kwa pini nne, moja kila kona. Pale kiwandani ukiacha kona wazi unakuta karatasi imeshang'olewa, mtu kafungia karanga.

"Wafanyakazi wote mnatangaziwa kuwa kuanzia Jumatatu tarehe 9 Mei 2016 chai ya saa nne itatolewa bila sukari hadi hapo mtakapotangaziwa tena. Yeyote atakayebainika kuleta usumbufu jikoni kuhusiana na suala hili atachukuliwa hatua kali za kinidhamu. Limetolewa na Utawala."

Nilikuwa afisa utawala wa kiwanda cha plastiki kando ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, ile ambayo wazee mpaka leo wanaiita Pugu Road. Tulitengeneza ndoo, mabeseni, majagi na viti vile vyeupe vya harusini na misibani. Watu mia mbili na ushee, shifti tatu. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, shahada moja, na imani kwamba tangazo zuri ni lile lisiloacha mwanya wa maswali.

Jioni ya siku ile ile nikapita ubaoni. Mtu alikuwa ameongeza mstari kwa kalamu ya bluu, herufi kubwa: NA HUKO JUU?

Juu ndiko ziliko ofisi. Na huko juu sukari ilikuwepo. Ilikaa kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya friji, tukiita sukari ya wageni. Siku ile wageni hawakuja, na kikombe changu kilikuwa na vijiko viwili.

Kwa asiyekumbuka mwaka ule: Februari 2016 serikali ilizuia sukari ya nje isiingie bila kibali maalumu, kwa nia ya kulinda viwanda vya ndani. Bei elekezi ikawekwa shilingi 1,800 kwa kilo. Ila sukari inayozalishwa nchini haikuwa inatosha, na masika ndiyo miezi ambayo viwanda vya sukari husimama kwa sababu shambani hakuendeki. Kufika Aprili na Mei, duka la mtaani ukiuliza sukari unajibiwa kwa kutikiswa kichwa, na ukiipata bei elekezi unaisikia redioni tu. Mzabuni wetu wa vyakula, aliyezoea kutuletea mifuko ya kilo 50, akapiga simu kusema hana na hajui atapata lini.

Sababu ilikuwa hiyo tu. Na kila mtu kiwandani alikuwa anaijua habari ya sukari, maana hata nyumbani kwake ilikuwa imekwisha. Laiti ningeandika kwamba mzabuni ameshindwa kuleta na tunatafuta kwingine, hakuna ambaye asingeelewa. Sikuandika. Meneja aliniambia "waandikie chai haina sukari", nami nikawaandikia chai haina sukari. Hizo hatua kali nilizitoa kwenye tangazo la zamani la kuvaa helmeti, kwa sababu kila tangazo letu lilimalizika hivyo na bila hiyo sentensi lilionekana halijakamilika.

Kufika Jumatano kiwanda kilikuwa kimeuzwa.

Ndivyo redio mbao ilivyotangaza, na redio mbao haikosi matangazo. Tajiri anahamia Msumbiji. Mashine namba sita imeshapata mnunuzi, si mliwaona wale watu wawili wakiipiga picha? Na kweli watu wawili walikuja wakaipiga picha. Walikuwa wa kampuni ya bima, wanakagua mitambo kama kila mwaka. Tangu hapo huwa sisemi kwamba wafanyakazi "wanazusha". Wale hawakuzusha kitu. Waliona kamera, wakaona sukari imekatwa, wakaona bosi yuko kimya, wakajumlisha. Hesabu yao ilikuwa sahihi kwa namba walizokuwa nazo.

Wasimamizi wa shifti ndio walioniuma zaidi nilipokuja kufikiri baadaye. Hawa ni watu waliopanda kutoka chini, wengine miaka kumi kwenye mashine ile ile, na heshima yao kwa vijana wao inatokana na kujua mambo kabla ya wengine. Kijana anakuja kumuuliza: "Mzee, hii ya sukari ikoje?" Naye anajibu: "Hata mimi nimeona ubaoni kama wewe." Lile jibu lilisikika shifti zote tatu. Ukishamfanya msimamizi alitamke mbele ya watu wake, umemvua cheo bila barua. Kesho yake ukimtuma akawaambie waongeze kasi, anawaambia, lakini anawaambia kama mtu wa posta.

Hakuna aliyegoma. Nasisitiza hili kwa sababu uongozi ulisubiri mgomo, ukauona haupo, ukaridhika. Lililotokea lilikuwa dogo, na kwenye ripoti yangu ya wiki halikuwa na safu yake. Tulikuwa na fundi mmoja wa mitambo aliyekuwa na sikio la ajabu. Mashine ya kumimina ikianza kukohoa anaisikia akiwa upande wa pili wa jengo, anakuja na spana yake kabla hajaitwa, anagusa hapa na pale, anarudi alikotoka bila neno. Wiki ile aliendelea kusikia, ninaamini hivyo. Ila alikuwa anakaa mpaka aletewe karatasi ya kazi iliyosainiwa. Karatasi inaandikwa, inapelekwa, msimamizi wa zamu katoka kidogo, inasubiri. Muda huo mashine inatema ndoo zenye midomo iliyopinda, na mapipa ya rijekti yanajaa kabla ya saa sita. Rijekti haitupwi, inasagwa na kurudishwa kwenye mashine, lakini umeme ulioitengeneza haurudi, wala saa za watu.

Watu wa maofisini wana maneno mengi ya kitu hiki. Kiwandani tulikuwa na neno moja, morali. Morali ipo, morali imeshuka. Mimi nilidhani ni hali ya furaha, ndiyo maana kila May Mosi tuliwagawia fulana. Kumbe ni ule mwendo wa fundi kutoka upande wa pili wa jengo. Mkataba wake haukumtaka aje bila kuitwa. Alikuwa anakuja tu, na kwa kuwa alikuja kwa hiari yake, siku aliyoacha kuja hukuwa na kifungu cha kumshtakia.

Aliyenifungua macho ni mama wa jikoni. Nilishuka kuchukua hesabu ya unga nikamkuta kakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anachambua maharage, hanitazami. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kavu. Nikauliza kama kuna tatizo.

"Baba, wewe ulishuka, ukabandika, ukapanda. Maswali nimebaki nayo mimi. Dirishani hapa wameniuliza weee, nami sina la kuwajibu. Sasa wanasema sukari nimeiba, nimekwenda kuiuza Buguruni. Tena umeandika wasilete usumbufu jikoni. Wanadhani nimekuja kuwasemea kwako."

Mwaka wa kumi na moja alikuwa anawapikia watu wale. Wengine walimwita mama hata nje ya kiwanda. Na mimi, kwa sentensi niliyoinakili kwenye tangazo la helmeti, nilikuwa nimemfanya mwizi na mbea kwa mpigo.

Usiku ule nilikwenda kwa baba mdogo, Temeke. Yeye alifanya kazi kiwandani miaka ya sabini, na akianza kuhadithia huwa humzuii. Akanikumbusha Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, ile ibara ya 15, iliyomkataza kiongozi majivuno na dharau kwa anaowaongoza. Mwaka mmoja kabla yake Waraka wa Rais Na. 1 wa 1970 ulikuwa umeagiza mabaraza ya wafanyakazi yaundwe sehemu za kazi. Baba mdogo anasema walitembea na Mwongozo kwenye mfuko wa ovaroli, na meneja akibwata mtu anautoa, anausoma kwa sauti mashine zikiwa zinanguruma. Migomo iliyofuata kwenye viwanda vya Dar es Salaam kati ya 1971 na 1973, mingi haikuwa ya mishahara. Ilikuwa ya lugha. Bosi kamtukana mtu, bosi hataki kuulizwa, bosi kafungiwa geti. Serikali yenyewe iliyowapa ibara ile baadaye iliwachoka. Hilo baba mdogo hulisema haraka haraka, kisha anarudi kwenye sehemu ya geti.

Nilimsomea tangazo langu kutoka kwenye simu. Akacheka mpaka akakohoa. "Mnatangaziwa na nani?" akauliza.

Swali hilo nimekuwa nalo tangu siku ile. Kiswahili chetu cha maofisini kinapenda kumficha mtenda. Imeamuliwa. Imeelekezwa. Imebainika. Posho imesitishwa. Mtu wa kawaida akimkosea jirani yake hawezi kusema "umekosewa" akaondoka, atachekwa. Ila ukimpa mtu huyo huyo mhuri na ubao, anageuka mvua: mambo yananyesha tu kutoka juu. Msomaji si mjinga. Akikosa jina kwenye sentensi analiweka mwenyewe, na jina atakaloweka ni la yule aliye karibu naye zaidi. Kwetu ilikuwa mama wa jikoni.

Na hapo tulikuwa tunaandika Kiswahili. Mikataba yetu ilikuwa ya Kiingereza, kurasa sita, ikisainiwa na watu ambao wengi walisoma jina lao na kiasi cha mshahara tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mfanyakazi asiyeelewa maelezo ya ajira yake yaliyoandikwa lazima aelezwe kwa namna atakayoelewa. Inasema pia mwajiri abandike haki za wafanyakazi mahali panapoonekana. Sisi tulizibandika, kwenye fremu kabisa, nyuma ya mlango wa ofisi ya mapokezi, mlango ambao mchana kutwa unakuwa wazi umeegemea ukuta.

Sanduku la maoni lilikuwepo pia, usinione hivi. Ufunguo ulipotea enzi za mtangulizi wangu. Tulipolivunja tulikuta maganda ya pipi, barua moja ya matusi yaliyoandikwa kwa mwandiko mzuri sana, na ombi la taa ya chooni lenye tarehe ya miaka miwili nyuma. Taa bado ilikuwa haijawekwa. Siku hizi wenzangu wananiambia sanduku limekufa, wana grupu la WhatsApp. Nimewekwa kwenye magrupu ya aina hiyo. Saa nne usiku linatua faili la kurasa kumi na mbili, chini yake "imepokelewa bosi" thelathini na mikono ya kushukuru. Kisha kila mmoja anahamia kwenye grupu la pili, lile ambalo bosi hayumo, na mazungumzo yanaanza.

Turudi kwenye sukari. Nilimweleza meneja alichoniambia mama wa jikoni. Nilitegemea anifokee. Akakaa kimya, akauliza shifti zinabadilishana saa ngapi, kama vile hakuwa anajua. Saa nane mchana wa Ijumaa akashuka, watu wa shifti moja wanatoka na wa nyingine wanaingia, akapanda juu ya godoro la mbao la kupangia mizigo, akasema: sukari hatuna, mzabuni ametukosesha, tajiri hauzi kiwanda, wale wenye kamera ni watu wa bima, mama wa jikoni hajaiba hata kijiko na mimi ndiye niliyepaswa kuwaambia haya Jumatatu. Halafu akasema ofisini pia sukari imeondolewa. Hilo la mwisho aliliamua pale pale juu ya godoro, najua kwa sababu kopo lilikuwa bado liko juu ya friji na nilipanda ngazi mbio kwenda kulificha.

Haikufika dakika saba. Hakupigiwa makofi. Mtu mmoja aliuliza kuhusu glavu, mwingine kuhusu malipo ya ova taimu ya Pasaka, akajibu la kwanza, la pili akasema hana jibu na atalileta Jumanne. Jumanne akalileta. Nadhani kilichowarudisha watu ni ile Jumanne kuliko hotuba. Rijekti hazikupungua kesho yake wala kesho kutwa. Yule fundi alikaa karibu wiki tatu na karatasi zake. Siku niliyomwona anakatiza uwanja na spana mkononi, hakuna aliyemwita, niligeukia pembeni nisionekane ninatabasamu.

Tukawa tunafanya hivyo kila Jumanne, na wasimamizi wanaambiwa Jumatatu jioni. Lilikuwa wazo la mmoja wao, mimi nilikuwa nimelisahau kabisa kundi hilo. Tulijifunza kwamba hata habari njema inataka maelezo. Rais alikuwa ametangaza siku ya May Mosi kwamba kiwango cha chini cha kodi ya mshahara kitashuka kutoka asilimia 11 hadi 9, kuanzia Julai. Slipu za Julai zikatoka, mtu wa 250,000 akakuta ameongezeka shilingi 1,100. Hatukusema kitu, tukijua inajulikana. Redio mbao ikatangaza kwamba tajiri ameanza kuwalainisha watu kabla ya kuwapunguza. Kwa shilingi 1,100!

Miaka miwili baadaye kupunguzwa kukaja kweli.

Soko la viti lilikuwa limeanguka, na mashine tatu za zamani zilikuwa zinakula umeme kuliko zinachozalisha. Uamuzi ulifikiriwa juu, na safari hii niliambiwa mapema kabisa, kwa masharti kwamba nisimwambie mtu. Kifungu cha 38 cha sheria ile ile kinamtaka mwajiri atoe taarifa ya nia ya kupunguza watu mara tu anapoifikiria, atoe taarifa zote zinazohusika, kisha akae na wafanyakazi au chama chao wajadili sababu, namna ya kuepusha au kupunguza idadi, na nani aondoke kwa vigezo gani. Nilikichapa, nikakipigia mstari, nikakipeleka. Nikajibiwa kwamba bado "hatujafikiria rasmi". Kulikuwa na oda kubwa ya ndoo inatakiwa iishe kwanza. Watu wakijua watalegea.

Wiki tatu nilitembea na orodha kwenye droo. Kila Jumanne meneja alipanda juu ya godoro akajibu maswali ya glavu.

Katika wiki ya pili mzee wa bohari aliingia ofisini kwangu. Miaka kumi na minne kazini, jina lake lilikuwa la nne kutoka juu. Nikasimama, nikamwamkia. Alikuwa na fomu ya mkopo ya SACCOS yetu, anajenga Chanika, ukuta umesimama na sasa anataka kupiga bati kabla ya vuli. Fomu ile ilikuwa na sehemu ya mwajiri kuthibitisha kwamba mwombaji ni mwajiriwa wa kudumu na hakuna linalojulikana la kuathiri ajira yake.

"Mwanangu," akasema, "nikope sasa, au ningoje mwakani?"

Huyu mtu alikuwa mmoja wa waliosimama Jumanne zote. Aliuliza kwa sababu tulikuwa tumemzoesha kwamba akiuliza anajibiwa.

Nilisema jambo la kila mtu kujua uwezo wake. Sijui hata nilimaanisha nini. Nikachukua fomu, nikasaini, nikagonga mhuri, nikamrudishia. Kutosaini kungekuwa ni kumwambia, na mimi nilikuwa nimeagizwa nisiseme.

Oda ya ndoo iliisha kwa wakati. Barua zikatoka. Chama kikaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ikazungumzwa, kampuni ikaongeza kidogo ili yaishe. Kiinua mgongo kisheria ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, ila hesabu inaishia miaka kumi, kwa hiyo ile minne ya mwisho ya mzee haikuhesabiwa. Siku sabini, notisi ya siku ishirini na nane, na likizo. SACCOS ikakata mkopo wake kwanza, kama fomu inavyoruhusu, na fomu ilikuwa na sahihi yangu. Kikao cha Jumanne kiliitishwa tena wiki iliyofuata. Waliobaki walisimama, wakasikiliza, hakuna aliyeuliza kuhusu glavu wala kuhusu lolote. Kufika mwisho wa mwaka kilikuwa kimekufa chenyewe. Mimi niliondoka Machi.

Nilimwona mzee mara moja tu baada ya hapo, Buguruni, kituoni, jua la saa tisa. Yeye ndiye aliyeniona kwanza. Nikamwamkia, tukaulizana habari za nyumbani. Bati alishapiga, akaniambia, tena za rangi. Ana kibanda cha vifaa vya ujenzi, mwanawe anamsaidia. Nikasema nashukuru kusikia hivyo. Tukatazama magari.

"Ile fomu ulisaini haraka sana," akasema. "Wewe siku zote ulikuwa unasoma kwanza."

Nikamwambia ni kweli. Daladala ya Chanika ikaja imejaa, akashika mlango, konda akamsogezea mtu, akapanda.